Nelda Mvuta Mipira

Hapa kwetu Cordry mwanamume ndiye anayekalia ndoo. Mtoto akishaonyesha kwamba ana mkono wa kurusha mpira wa besiboli, baba mtu hugeuza ndoo tupu ya rangi nyuma ya nyumba, akaikalia, akavaa glavu nene ya mdakaji, na kuanzia siku hiyo jioni zake si zake tena. Ukipita mtaani mwezi wa tatu, upepo wa Oklahoma ukiwa umetulia kidogo, utasikia pa! pa! kutoka kila ua. Ila kwa jirani zangu, akina Stroud, aliyekalia ndoo ni mke, Nelda.

Mumewe, Gaylon, si mtu wa mpira. Gaylon ni mtu wa nyama. Mpira ukimjia anajikunja na kushika kichwa, na wala haoni aibu kulisema hilo mbele za watu. Mwanawe Kolten alipokuwa darasa la pili alimrushia mara moja tu, Gaylon akainama, mpira ukapasua kioo cha jikoni. Nelda akatoka na mikono imejaa unga. Akakitazama kioo, akamtazama mume, akaiokota glavu chini. "Wewe ingia ndani ukakaange kuku," akamwambia. Tangu siku hiyo Gaylon ndiye mpishi wa nyumba ile, na anapika kuliko mwanamke yeyote wa mtaa huu, mimi nikiwemo, na mimi ndiye mpishi wa shule.

Nelda anaendesha basi la shule. Ni mwanamke mpana, sauti nzito, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kimepinda kwa sababu ya mpira aliodaka vibaya zamani. Mwanzoni wanaume wa mkahawa ulio karibu na kinu cha pamba walimcheka mpaka wakamwaga kahawa. Mzee Hoyt alimwambia mbele ya watu, "Nelda, utamharibu huyo mtoto. Atarusha kama anafukuza kuku." Nelda akamjibu, "Njoo jioni ukae wewe kwenye ndoo, Hoyt. Lakini meno yako yaache nyumbani, ni ya gharama." Hoyt hakuja, na kicheko kikaisha chenyewe.

Alijifunza kudaka kwa kukodolea macho televisheni, pua karibu iguse kioo. Humo ndimo alimojifunzia kuvuta. Refa wa besiboli husimama nyuma ya mdakaji, na yeye ndiye anayeamua kama mpira umepita mahali pake au umepita pembeni. Mdakaji hodari akiona mpira unapita pembeni kidogo, anaupokea polepole na papo hapo anairudisha glavu mahali pake, taratibu, kana kwamba mpira ulikuwa pale tangu mwanzo. Refa anadanganyika. Kwetu hiyo si dhambi, ni ufundi, na mtu husifiwa kwa ufundi huo. Nelda alikuwa akivuta kiasi kwamba mimi, niliyekuwa nikianika nguo upande huu wa uzio, ningeapa mpira umepita katikati.

Mwanangu Cade amekulia nusu kwenye ua ule. Yeye si mrushaji, ni mpigaji, mtu wa gongo, na ni mlaji. Yeye na Kolten walichukuliwa na chuo kimoja, mashariki huko, mwendo wa nusu siku, na mwaka huu ndio wa mwisho kwao. Kila Januari, sikukuu zikiisha, wanarudi pamoja kwenye pikapu ya Kolten. Sisi wazazi tunawalisha siku nzima kana kwamba huko waendako hakuna chakula, halafu tunasimama barabarani tukipunga mikono mpaka vumbi jekundu litue. Nimefanya hivyo miaka yote na kila mara nalia, na kila mara Cade ananiambia, "Mama, naenda shule, siendi vitani."

Safari hii hatukuwa na furaha ileile, na sababu yake ni jambo la masika yaliyopita. Kolten alikuwa akirusha dhidi ya chuo kingine. Mpira ukamteleza mkononi na kumpiga mpigaji shavuni, chini ya helmeti. Kijana anaitwa Rigo Saldaña. Nilikuwa nimeketi na Nelda jukwaani, na mlio ule sitausimulia. Walimtoa kwa machela. Mfupa wa shavu ulivunjika, ukaungwa, kijana akapona. Asiyepona ni Kolten.

Nguvu zake zilibaki zilezile, ila mkono ulikataa mahali pamoja. Mpigaji siku zote hutaka kusogea karibu na unapopita mpira ili aufikie kila mmoja. Mrushaji naye lazima mara kwa mara arushe ndani, karibu kabisa na mbavu za yule mtu, amkumbushe kwamba pale si sebuleni kwake. Mrushaji asiyeweza kurusha ndani amekwisha. Kolten akawa kila akirusha mpira unakimbilia nje, upande usio na mtu. Kabla ya likizo kocha alimwambia, na Cade alikuwepo akasikia: "Siku ya kwanza mkirudi nitakusimamishia wapigaji. Ukirusha ndani, una timu. Usiporusha, chagua mahali pazuri kwenye benchi, maana utapakalia mpaka umalize masomo."

Na hapa Cordry hakuna aliyemwambia Kolten neno. Hilo nalo ni jambo letu, na mimi nikikasirika naliita ujinga. Kwetu mrushaji haambiwi. Siku mchezo wake unapokwenda vizuri mno, wenzake hawaketi karibu naye, hawamsemeshi, hata mama yake hamtazami, kwa kuogopa kwamba jambo likitajwa litaharibika. Sasa watu wa mji huu wameichukua desturi hiyo ya mambo mazuri wakaitia kwenye mabaya pia. Ukilitaja tatizo, wanasema, litamwingia mkononi likae. Basi likizo yote tulimwongelesha Kolten habari za upepo, bei ya pamba, na magoti ya Gaylon. Mchungaji aliombea mvua, akaombea ngano, akaombea safari ya vijana, hilo akaliruka. Siku ya mwaka mpya tulikula kunde kama kila mwaka, za bahati, na kila mtu mezani aliongeza sahani ya pili huku akimtazama Kolten kwa pembe ya jicho. Hakuna aliyesema bahati hiyo anamtakia nani.

Mkali kuliko wote alikuwa Nelda. Mtoto mmoja alilitaja jambo lile ndani ya basi, Nelda akasimamisha gari katikati ya mashamba, akamtazama kwenye kioo mpaka mtoto akaanza kuomba radhi kwa makosa mengine.

Kila alasiri, akishamaliza kugawa watoto wa watu, alikaa kwenye ndoo yake na Kolten akarusha. Nilikuwa nawasikia. Pa! halafu sauti ya Nelda, "Nzuri!" Pa! "Nzuri hiyo, mwanangu!" Nikafurahi. Nikajua kijana amepona. Niliwaambia hata jikoni shuleni kwamba mwaka huu tutamwona Kolten akianza kila mchezo mkubwa.

Jumamosi, siku moja kabla ya safari, nilikuwa nakunja nguo za Cade, naye amesimama jikoni anakula moja kwa moja kutoka kwenye sufuria.

"Mama, sitaki kusema vibaya," akaanza.

"Basi usiseme. Na chukua sahani."

"Bi Nelda anamvutia Kolten."

"Anamvutia nini?"

"Mipira. Yote! Jana nilisimama nyuma ya banda lao nikaangalia vizuri. Kolten hajarusha ndani hata mmoja. Inatoka nje, Bi Nelda anaivuta, anapiga kelele, 'Nzuri!' Jumatatu kocha atamla mbichi."

Nikaacha nguo. "Kamwambie mwenzako."

"Mimi? Nimwambie mrushaji?" Mwanangu ana ndevu, ana mabega yasiyopita mlangoni bila kukwaruza, lakini alinitazama kama nimemtuma makaburini. "Mama, unataka nilaaniwe?"

Basi nikaenda mwenyewe, maana mdomo wangu hauna kufuli. Nilimkuta Nelda jikoni kwake anafunga vipande vya kidari cha ng'ombe kwenye karatasi, Gaylon amemsimamia anamkosoa.

"Unakibana mno," Gaylon alikuwa akisema. "Nyama inataka kupumua."

"Nyama imekufa, Gaylon."

"Nelda," nikasema, "unavuta."

Alielewa papo hapo. Hakuniuliza anavuta nini. "Gaylon, nenda kaangalie moto," akasema.

"Moto nimeuzima."

"Kauwashe."

Gaylon akatoka, maana ni mtu mwenye akili. Nelda akaniangalia. "Rudia."

"Unavuta mipira ya mtoto. Yote. Hajapona, wewe ndiye unayemponya kwa glavu."

"Kila mdakaji anavuta."

"Anamvutia refa! Hapa nyuma ya nyumba kuna refa gani? Kuku?"

"Punguza sauti, Darla. Kesho anaondoka. Unataka kulitaja leo, limwingie mkononi?"

"Liko mkononi tayari, shoga! Limo tangu masika, limeshajenga nyumba humo!"

Akakibwaga kile kidari mezani. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliegemea sinki, akajifuta mikono kwenye suruali. "Wewe mwanao anapiga tu," akasema. "Hujawahi kukaa pale kwenye ndoo. Kabla hajarusha anakutazama. Yale macho, Darla. Siku ya kwanza ya likizo mpira ulitoka nje, nikauvuta, nikasema nzuri, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu siku ile. Ningefanya nini kwa wa pili? Niuache upite niende kuuokota bandani, nimrudishie, anitazame tena?"

Nilimhurumia na nilimkasirikia vilevile. "Kocha wake havuti," ndilo lililonitoka, nikageuka nikaondoka, nikabamiza geti letu la katikati. Halikubamizika vizuri, kwa sababu Kolten alikuwa amelitengeneza juzi bila kuombwa. Ndivyo alivyo yule kijana, akiwa na jambo moyoni haachi kitu cha mtu kikiwa kimelegea.

Jumapili asubuhi palikuwa na baridi kavu na mbingu nyeupe. Pikapu ilishapakiwa. Gaylon alikuwa amekumbatia boksi la nyama akimfundisha Cade namna ya kuipasha. "Moto mdogo. Mdogo! Si ile mashine yenu ya kuzungusha sahani. Ukiiweka kwenye ile mashine usinipigie simu."

"Ndiyo, bwana," Cade akasema, mkono tayari ndani ya boksi.

Nelda akatokea kutoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa kinyago chake cha mdakaji cha kukinga uso juu ya kitambaa cha kichwa, glavu mkononi. "Kolten, njoo urushe kidogo kabla hujaondoka."

"Mama, tumeshafunga vitu."

"Fungua."

Kolten akamtazama baba yake, baba yake akalitazama boksi. Wakaenda nyuma, nasi tukafuata. Kuna tuta dogo la udongo la kurushia pale, Gaylon ndiye aliyelijenga, ndio mchango wake pekee kwa besiboli. Kolten akapanda. Nelda akakaa kwenye ndoo yake.

"Cade," akasema, "vaa helmeti yako, chukua gongo, simama hapa kama mpigaji."

Nikapiga hatua mbele. "Nelda!"

"Wewe ndiye uliyelalamika kwamba hatuna refa. Refa sina. Mpigaji tunaye."

Cade alinigeukia. "Usijali, Mama," akasema, kwa ile sauti ya mtu ambaye mwenyewe ana wasiwasi. Akaenda akasimama. Ningeweza kumvuta kwa kola nikamrudisha, nilikuwa na haki hiyo. Lakini jana nilikuwa nimempigia mwenzangu kelele juu ya mtoto wake nikitaka ukweli, na sasa ukweli ulikuwa unahitaji mtu wa kusimama mbele yake.

Nelda akaiweka glavu upande wa ndani, usawa wa mbavu za mwanangu. "Glavu iko hapa," akasema. "Leo siisogezi. Ukiuleta hapa nitaudaka. Ukiupeleka kwingine, shauri yako."

Kolten akarusha. Mpira ulitoka nje, ukapita mbali, ukaligonga jiko la Gaylon la kukaushia nyama kwa moshi likalia kama kengele. "Jiko langu jamani!" Gaylon akasema, na hakuna aliyecheka. Nelda hakugeuka kutazama. Wa pili ulikwenda nje zaidi, kuku wakatawanyika. Wa tatu ukaenda kulekule.

"Mama," Kolten akasema, "sogeza kidogo."

"Hapana."

"Kidogo tu."

"Nimekuwa nikiisogeza tangu Krismasi, mwanangu. Hujarusha ndani hata mmoja. Yote ilitoka nje, mimi nikaivuta. Nilikuwa nakudanganya."

Gaylon aliliweka boksi chini. Mambo kama hayo hayasemwi mbele ya mrushaji, hapa kwetu hayasemwi, na mimi mwenyewe niliyeyataka nilijikuta nimeshika mdomo.

Kolten akaupangusa mpira kwenye suruali. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mama, mimi ndiye ninayeirusha. Naona inakokwenda." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Lakini ulikuwa unafurahi. Kila ukisema nzuri ulikuwa unafurahi kweli. Sikutaka kukuharibia likizo."

Nelda akavua kinyago. Uso ulikuwa umelowa, na hakujificha. "Basi sisi wawili ni wapumbavu," akasema. "Sasa nisikilize. Rigo Saldaña."

"Mama Kolten!" Gaylon akaruka.

"Rigo Saldaña!" akalirudia, kwa ile sauti yake ya kwenye basi. "Naongea na mama yake. Anaitwa Ofelia. Nampigia kila Jumapili baada ya kanisa, tangu wiki ile ile."

Nimeishi na mwanamke huyu, katikati yetu uzio tu. Najua anaweka sukari kiasi gani kwenye chai yake ya barafu. Hilo sikulijua.

"Anacheza," Nelda akaendelea. "Anapiga kuliko zamani. Anakula, anapiga makelele, amepata mchumba, na Ofelia hamtaki huyo mchumba hata kumsikia. Akisimama kupiga anasimama palepale alipokuwa akisimama, karibu kabisa, hajarudi nyuma hata kidole. Alimwambia mama yake aniulize mbona Kolten harushi tena."

Kolten alikuwa ameshuka kwenye tuta. "Na hukuniambia."

"Mrushaji haambiwi," Nelda akasema, na nikamwona akilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza likitoka kinywani mwake. Halafu akasema polepole, "Nilikuwa na dawa yako mfukoni nikaogopa kukupa. Nisamehe."

"Kila nikiinua mkono namwona uso," Kolten akasema. "Naona anavyoanguka. Siwezi kupiga mtu mwingine, Mama. Siwezi."

Hapo mama yeyote angesema hutampiga mtu. Mimi ningesema. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumsaidia kulisema.

"Utampiga," Nelda akasema. "Ukiendelea kurusha, iko siku utampiga mtu. Siwezi kukuahidi vingine. Na ukiona huwezi kuishi na hilo, liache gongo na glavu leo hii, uende ukasome tu, na mimi na baba yako hatutakupenda pungufu hata tone. Lakini usirudi kule ukamdanganye kocha na kujidanganya wewe. Hapa tumeshadanganyana vya kutosha."

Kolten akasimama akitazama chini. Sijui angejibu nini, kwa sababu mwanangu hakumpa nafasi.

"Jamani, ibada bado haijaisha?" Cade akasema. "Nimesimama hapa makalio yanaganda. Rusha, bwana. Ukinipiga, nyama yote ni yangu mpaka tufike."

"Hata usipopigwa utaila yote," Kolten akasema.

"Ndiyo, lakini nitaila bila kukuonea huruma."

Kolten akacheka, puani, kidogo tu. Akarudi juu ya tuta. Nelda akavaa kinyago, glavu ikarudi palepale kwenye mbavu za mwanangu.

Mpira aliorusha sikuuona. Nilimwona Cade tu akiruka nyuma na kuanguka kwa matako kwenye vumbi, helmeti imemfunika macho, na mpira ukagonga uzio wangu. Nilipiga yowe ambalo mzee Hoyt anasema alilisikia mkahawani. Haukuwa umemgusa. Ulikuwa umempita kifuani, kati ya mwili na gongo. Nelda hakuwa ameisogeza glavu. Kolten aliganda juu ya tuta, rangi imemtoka, na nikajua kama Cade atarudi kwangu sasa hivi, jambo limekwisha milele.

Cade akainuka, akajikung'uta. "Bi Nelda," akasema, "huo ulikuwa ndani."

"Ulikuwa ndani mno," Nelda akasema.

"Mama yangu karibu azae tena." Kisha akasimama tena. Na mwanangu nitamsifu hapa, kwa sababu mbele yake simsifu: alisimama karibu zaidi ya mwanzo.

Kolten akaupanga mpira vidoleni. Akainua mguu, akarusha, na safari hii niliona yote, mpira ukipita mbele ya sweta ya mwanangu na kuingia kwenye glavu. Pa! Glavu haikwenda popote. Nelda aliishikilia palepale, na hakusema nzuri.

"Nipe tena," Kolten akasema.

Akarusha mingine. Mmoja uliingia, mmoja ukatoka nje ukaligonga jiko tena, mwingine ukaingia. Hakuwa amepona, yeyote aliyekuwepo angekuambia hivyo. Kisha Gaylon akaliinua boksi na kusema njia ni ndefu na nyama inapoa, tukarudi mbele ya nyumba. Nelda alimkumbatia mwanawe akiwa bado na glavu mkononi. Mimi nilimpiga Cade kofi la bega kwa kunitia kiwewe, halafu nikamvuta nikamnusa shingo kama nilivyokuwa nikifanya akiwa mtoto, naye akaniachia. Wakaondoka. Tulipunga mikono mpaka vumbi likatua, kisha Gaylon akazunguka nyuma kulikagua jiko lake.

Jumatatu alasiri nilikuwa nasugua masinia jikoni shuleni simu ikalia. Ni Cade, anaongea haraka haraka, anatakiwa arudi uwanjani. Nilimsikiliza, nikaacha bomba linamwaga maji, nikatoka na aproni yangu kwenye baridi ile mpaka yalipoegeshwa mabasi. Watoto walishaanza kupanda. Nelda alikuwa amesimama chini mlangoni akiwahesabu, na aliponiona nakuja bila koti aliacha kuhesabu.

"Sema," akasema.

"Cade amepiga simu."

"Sema, Darla, nisije nikakuzaba kibao mbele ya watoto."

"Kolten amempiga mtu. Mpigaji wa kwanza tu. Mbavuni."

Alishika chuma cha mlango. "Ameumia?"

"Hajaumia. Amelalamika tu, amesimama mwenyewe."

"Kolten je?"

"Aliteremka kwenye tuta, akamfuata yule kijana, akamshika bega wakaongea. Uwanja mzima kimya, Cade anasema, kocha kakunja mikono anaangalia tu. Halafu akarudi juu. Akasimama mpigaji wa pili."

Nelda akanishika mkono. Nilikuwa na haraka ya kumwambia, maji ya sabuni yakinidondoka viganjani.

"Akarusha ndani," nikasema. "Palepale, Nelda. Papo hapo baada ya kumpiga mtu, akarusha palepale."

Nelda akaketi kwenye ngazi ya basi, akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti. Watoto walijazana madirishani kumtazama dereva wao. Nikakaa pembeni yake kwenye ngazi, tukabanana, na siku hiyo watoto wa Cordry wakachelewa kufika nyumbani.